Waliomjua Ndugu Yangu

Katika nyumba ile jua halikutua mpaka mtu afunue ukurasa. Msomaji akikwama nasi tulikwama naye, mwanga umetulalia magotini, chai imekataa kupoa. Sikuwahi kuona ajabu. Kama kuna kitu kilichonishangaza, ni kusikia kwamba huko nje kuna watu ambao alasiri yao hupita hata kama hakuna anayewasomea. Niliwahurumia. Leo nikiukumbuka ule moyo wa huruma, uso unanichoma.

Nikueleze kwanza nyumba yenyewe, maana usipoielewa utanihukumu kwa makosa ya wengine, na yangu yananitosha. Kulikuwa na hadithi. Sisi tuliiita Hadithi tu, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Ilihusu ndugu wawili, Lwimbo na Tajo, katika nchi ambayo ukungu hushuka kutoka milimani, na kila unayemgusa husahaulika. Hafi. Anabaki amesimama pale pale na kikombe chake mkononi, ila hakuna tena anayemjua, hata mkewe humuuliza anamtafuta nani. Tajo aliguswa. Lwimbo akaapa kumkumbuka peke yake, nchi nzima ikimcheka. Na aliyeitunga hadithi hiyo akaondoka katikati ya sentensi, pale Lwimbo anapofika mlangoni kwa mama yao na kufungua kinywa. Hakuaga, hakuacha hata nukta. Basi wasomaji, walioshindwa kuvumilia, wakaanza kuiendeleza wenyewe, kila mtu kwa njia yake: huyu anamrudisha Tajo, yule anawapa ndugu hao mbawa, mwingine anawapeleka chini ya bahari kwenye mji wa chumvi. Maandiko hayo tuliyaita vipandikizi, kwa sababu tulikata tawi la mti wa mtu tukalifunga kwenye mti wetu, tukasubiri kama litashika.

Kila alasiri, na sijui kama zilikuwa nyingi au ni moja tuliyokuwa tukiirudia, mmoja wetu alisoma kipandikizi chake na sisi wengine tukamshukuru. Na hapo ndipo penye neno. Katika nyumba ile huwezi kusema "ahsante, umeandika vizuri" ukarudi kukaa. Bi Mize, mama mnene mwenye sauti ya upole aliyeshika zamu ya shukrani tangu kabla sijafika, alikuwa anakutazama tu, mikono mapajani, mpaka utoe. Kutoa maana yake kutoa kumbukumbu. Hadithi ya undugu ilishukuriwa kwa ndugu: unasimama, unaeleza jambo moja la ndugu yako wa kweli ambalo hadithi imekukumbusha, na ukishalieleza linakutoka. Linahama kabisa. Wote waliomo ukumbini wanalijua, mwandishi atakayefuata ana ruhusa ya kulitumia, na wewe uliyelitoa unabaki na wepesi kichwani, wa mtu aliyetuliwa mzigo njiani, na makofi.

Mimi nilikuwa hodari wa kushukuru. Waliniita Bwana Shukrani. Wengine walitoa vitu vya juu juu, ndugu yangu alikuwa mrefu, ndugu yangu alipenda mpira, halafu wakakaa wanajifuta jasho. Mimi nilichimba. Nikisimama mimi, watu waliacha kutafuna. Wageni waliletwa kunisikia, na waandishi walinivizia mlangoni ili kipandikizi chao kisomwe siku nikiwepo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo wasemavyo, lakini mimi niliposifiwa sikutia maji hata tone. Nilimimina tembo lenyewe, mpaka mtungi ukabaki unalia ukigongwa.

Nilidhani nakumbuka. Hilo ndilo nataka uniamini. Nilidhani hivyo ndivyo kukumbuka kunavyofanywa, mbele za watu, kwa sauti. Nilijiuliza nyakati nyingine, nikiwa nimeegemea ukuta baada ya makofi: kitu kikijulikana na watu mia, si kimekuwa salama zaidi kuliko kilivyokuwa kwa mtu mmoja? Mmoja hufa. Mmoja huugua homa akasahau. Mia hawafi siku moja. Kwa hiyo nilikuwa namwokoa. Nani? Huyo niliyekuwa namtoa. Jina lake je? Halikunijia, nikasema nimechoka, nikalala. Mtu anaweza kulala juu ya swali la namna hiyo miaka, na asubuhi akaamka amepumzika vizuri tu.

Siku ninayokueleza ilikuwa zamu ya Zuwena kusoma. Zuwena alikuwa mwandishi wetu bora, msichana mwenye haya aliyesoma akiwa ameinamia karatasi karibu pua iguse. Katika kipandikizi chake Lwimbo na Tajo bado watoto. Nyumbani kuna jozi moja tu ya viatu. Ndugu hao wanavaa kimoja kimoja, Lwimbo cha kulia na Tajo cha kushoto, wanakwenda sokoni wakiruka kwa mguu mmoja, wameshikana mabega, ili asije mtu akasema huyu anacho na yule hana. Na walipofika sokoni, watoto wenye viatu kamili wakaanza kuvua kimoja ili nao waruke.

Ukumbi mzima ulilia. Nami nililia, na nikamwonea wivu aliyetoa kumbukumbu ile, yeyote aliyekuwa. Nilijisemea, bahati iliyoje kuwa na ndugu wa namna hiyo. Wengine tulizaliwa hivi hivi.

Zuwena alikuwa hajainua uso pale mtu alipotokea mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limemganda mwilini kwa vumbi na jasho, ndara mkononi badala ya miguuni. Aliuweka mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na kwa mkono wa pili akashika sikio lake mwenyewe, akasimama hivyo anatutazama, kwa woga wa mtu asiyejua avue nini na akae wapi.

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Tajo."

Jina likapita safu kwa safu. Kila msomaji alijua kwamba Tajo akiogopa hushika sikio. Zuwena aliziachia karatasi zikamwagika. Wakamwingiza, wakamketisha mbele, na kwa kuwa jikoni kulikuwa na wali wa wageni, mtu alikimbia kumkwangulia ukoko, maana walijua anaupenda wenye chumvi na ulioungua upande mmoja. Aliutazama ule ukoko akacheka, akauliza wamejuaje. Wakamwuliza kama bado anawaogopa bata bukini. Akakubali kwamba anawaogopa. Wakamwuliza kuhusu lile jino alilolizika kwenye kopo la maziwa akingoja liote, na kuhusu homa iliyomfanya azungumze na kabati usiku kucha. Alijibu yote, kwanza kwa tabasamu, kisha kwa tabasamu dogo zaidi, na mwishowe akaweka sahani chini na kuuliza kwa adabu ni nani aliyewaambia mambo hayo.

Nyuso zote zikanigeukia mimi. Zilijaa shukrani.

Nilisimama nikamwendea. Nilidhani ni msomaji kutoka nyumba nyingine aliyejivika uTajo kwa ajili ya sherehe, kama wengi walivyofanya. Nilimpa mkono, nikampongeza kwa vumbi, nikasema lile la kushika sikio amelipatia kweli kweli. Alinicheka, akanipiga kofi la begani. Baadaye njiani aliniambia kwamba kwetu watu hawasalimiani bila kutaniana kwanza, na yeye alidhani namtania.

"Kaka, mzaha uache kwanza," akasema. "Mama hawezi."

Sasa nitasema lililonijia, na ukitaka kufunga kitabu hapa, funga. Halikunijia swali, mama yupi. Haukunijia uchungu. Nilichofikiri ni kwamba hiyo ni sentensi nzuri ya kufungulia kipandikizi. Nilifikiri mahali pa kuvuta pumzi kati ya "kwanza" na "mama". Ukumbi mzima ulifikiri vivyo hivyo, nikasikia ule mguno wa chini watu wanaoutoa wanapopewa walichokuwa wakikitamani, na makofi machache ya wasioweza kujizuia. Bi Mize akamwambia kwa upole aendelee, asikimbilie, wasikilizaji wako naye.

Yule mtu akawatazama, akanitazama. Alieleza, sasa akizungumza nami peke yangu na kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni Faki, kwamba ametembea tangu alfajiri, kwamba mama amekataa chakula na anaulizia mwanawe wa kwanza, na haulizii kwa jina hili la watu bali kwa lile la nyumbani, alilonipa mwenyewe nilipokuwa nanyonya. Kila akiletewa kijiko anauliza huyo yuko wapi. "Nimemwambia uko njiani," akasema, "nimemwambia mpaka nimeona haya kuingia chumbani."

"Jina gani la nyumbani?" nikamwuliza.

Niliuliza kwa udadisi wa kweli. Faki aliacha kutabasamu. Alinisogelea akaniangalia macho, moja baada ya jingine, kama anayeangalia kama kuna mtu ndani ya nyumba yenye taa. Nadhani ndipo alipofahamu, ingawa hakujua amefahamu nini. Akanishika kiwiko. Akasema haiwezekani, akasema subiri, nitakukumbusha. Akaanza: siku ile ya mvua kubwa, mimi na wewe, tulipoung'oa mlango wa jikoni tukaubeba vichwani...

Akakatiza mwenyewe. Niliona kiganja chake kimepanda haraka na kuziba kinywa. Aliyekuwa hajawahi kuingia nyumba ile, asiyesoma wala kuandika zaidi ya jina lake, alihisi kwa maneno machache tu kitu ambacho mimi sikukihisi kwa miaka, kwamba jambo lile lilikuwa likimtoka. Ukumbi ulikuwa umeng'aa. Watu walikuwa wameinama mbele kwenye viti. Mpaka leo ninayo ile nusu iliyoponyoka, nayo ndiyo kumbukumbu yangu pekee ya utoto: mlango juu ya vichwa viwili, na mvua. Tulikuwa tunampelekea nani mlango huo, na kwa nini, na tulicheka au tulilia, sijui. Nusu hiyo anayo yeye.

"Malizia, mwanangu," Bi Mize akasema. "Tukilijua sote halitapotea."

"Kwangu litapotea," Faki akajibu kupitia vidole.

"Ila tutakuwa nalo wengi."

"Nyinyi mtalifanyia nini, bi mkubwa? Mama yetu hamumjui."

Zuwena, kwa sauti ndogo, akasema wanamjua. Na kweli alimjua. Akaeleza jinsi mama anavyopuliza chai ya watoto kabla ya yake, jinsi anavyotukana mvua kwa majina ya mawifi zake, jinsi alivyokuwa akitembea na kigoda kwenda msibani kwa sababu ya mgongo na bado akampisha mwingine akae. Alieleza kwa upendo mkubwa, machozi yakimtoka, na hakukosea hata mahali pamoja. Faki alisikiliza amefumba macho. Nami nilisikiliza, nikasikia hadithi nzuri ya mama wa mtu. Zuwena alipomaliza aliniangalia, na nadhani naye ndipo alipofahamu vitu vile vilikuwa vimetoka wapi, kwa kuwa alianza kuokota karatasi zake sakafuni bila kuzipanga, na hakuinua uso tena.

Nasema hivi bila kumlaumu. Hakuniibia mtu. Hakuna aliyenishika kinywa akanikamua. Walipenda walichopewa, wakakitunza vizuri kuliko mimi. Ndani ya nyumba ile ndugu yangu alikuwa hai kwa watu mia, kila mmoja angemjua gizani kwa mwendo wake. Nilikuwa mtu mmoja tu asiyemjua. Sasa niambie ukungu ulikuwa upande gani. Tuliogopa ukungu wa milimani, ule wa kwenye karatasi, tukaufungia madirisha. Aliyesahaulika kwa kunyamaziwa, anaweza kukumbushwa. Aliyesahaulika kwa kusemwa, je? Kwa kusemwa vizuri, kwa machozi, kwa makofi? Sijui. Nimeuliza na sijui. Usiache mbachao kwa msala upitao, mtoto yeyote anaimba hivyo, na mimi niliuacha mbacha uliokuwa umelaliwa na damu yangu mwenyewe, kwa kupigiwa makofi na watu wanaotafuna.

Bi Mize hakuwa na ubaya. Ilikuwa zamu yake tu, na zamu lazima iende. Alinigeukia, akasema ukumbi umetembelewa kwa namna ambayo haijapata kutokea, na Bwana Shukrani hawezi kukosa neno. Watu wakaacha kutafuna. Nikasimama wima, nikafungua kinywa kama nilivyozoea, nikaingia ndani kutafuta ndugu. Nikakuta Tajo. Nikasogeza Tajo nikatafuta nyuma yake, nikakuta Tajo mwingine, wa kipandikizi kingine, mwenye mbawa. Mfuko ulikuwa mtupu. Kinywa kikabaki wazi na hakuna kilichotoka, na nikaona kwenye nyuso zile, kwa mara ya kwanza tangu nifike, dalili ya watu kuanza kuniona mwongo.

Faki alikuwa amekwisha kugeuka. Aliwaaga wote kwa heshima, akashukuru kwa ukoko, akatoka.

Nikamfuata. Ningependa kusema damu nzito kuliko maji, ndiyo iliyonivuta. Haikuwa damu. Sikuweza kusimama mbele ya watu wale nikiwa sina kitu, basi. Aibu ndiyo iliyonitoa mlangoni, na kama si hiyo ningekuwa pale mpaka sasa, na mama angezikwa na mtoto mmoja.

Nje jua lilikuwa na haraka. Tulipovuka ua tu lilikuwa limekwisha kuhama upande, na magoti yangu yakaanza kuuma maumivu ya miaka ambayo sikuwa nimeitumia. Nilimwona Faki mbele yangu ana mvi kisogoni, nikashika kichwa changu nikahisi nywele zimepungua. Barabara ilimjua yeye. Mbwa hawakumbwekea, mtoto mmoja alimwita mjomba, mwanamke aliyekuwa akianua dagaa alimwuliza kuhusu mgonjwa. Mimi walinipa ile salamu fupi wanayopewa wapita njia. Nilikaza mwendo nikamfikia.

Nilimwomba aniambie lile jina. Nilimweleza kwa hoja: tukifika, mama ataita, na nisipolijua nitakuwa nimemdhihaki mbele ya kifo. Nilimwambia tayari tuko nje ya nyumba ile, hakuna wa kusikia ila sisi. Aliendelea kutembea, ndara zikiwa bado mkononi.

"Sikuambii," akasema. "Utakwenda kuligawa."

"Siligawi."

"Kaka, uliwapa hata sikio langu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata mahali pa kushika, ningemjibu, tungegombana kama ndugu. Alisema kama anayemwambia mgeni kwamba maji ya kisima hiki si ya kunywa. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, mama ataliita mwenyewe, na mimi nikilisikia niitike, hakuna zaidi.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya bati, na mlango wa jikoni wenye mbao zisizofanana na fremu. Nilisimama kizingitini. Hakuna kilichoniambia hapa ndipo. Nilinusa kila kitu, moshi, dawa ya kuchua, maganda ya malimau, na kila harufu ilibaki harufu tu. Faki alipita akaingia kwenye giza la ndani, nikasikia akisema neno kwa upole, na kitanda kikalia.

Halafu sauti ya mwanamke mzee ikaita jina.

Lilikuwa jina la kitoto, fupi, la kuchekesha kidogo, jina ambalo huwezi kulitamka bila kuisogeza midomo kama unayebusu. Nikageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Njia ilikuwa tupu. Sauti ikaita tena, sasa na wasiwasi ndani yake, na Faki alikuwa kule ndani, hakunisaidia, na hakuwa na haja ya kunisaidia. Nikaitika naam. Niliitika kwa sauti ya mtu anayepokea mzigo wa jirani asiyekuwepo, huku nikiona haya mpaka kwenye nyayo. Bibi yule akashusha pumzi, akasema, "Ingia basi, umesimamia nini huko?" Nikaingia, nikapiga magoti, na Faki akanipa bakuli la uji, nikamlisha. Alikula kijiko, akala kingine. Alinishika sikio akanivuta karibu, akalitaja tena lile jina, taratibu, kama anaonja.

Haya yote nimekupa wewe unayesoma. Nimekupa Faki mlangoni, nimekupa uji, na sijui kama kanuni ya nyumba ile inafika mpaka hapo ulipokaa. Inawezekana kesho nikaamka yamenitoka, na wewe ukawa ndiye unayeyajua. Nimekubali, mazoea yana taabu. Lakini jina sikuambii.